Kiti Kilichoelekea Jikoni

Mwanamke kutoka kiwanda cha magodoro aliingia mkahawani na saa yake mkononi, kupima muda ambao mtu mmoja hutumia kupata sahani ya wali. Mama Mwiko hakuitazama saa. Alitazama viatu, akatazama gauni, akapanda mpaka shingoni, na mwisho akamtazama mumewe kuona kama naye anatazama.

Mumewe, ambaye wateja walimwita Karani, alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, pembeni nyuma kabisa ya chumba, na mbele yake kijitabu cha tiketi na kalamu iliyofungwa uzi isiibwe. Kiti chake kilielekea dirisha la jikoni. Akiwa motoni, mwiko mkononi, mkewe aliweza kumwona kuanzia upara mpaka kifungo cha tatu cha shati. Miaka mitatu alikuwa akimwona hivyo, tangu kufungua mpaka kufunga, na moyoni alijisifu kwamba mtaa mzima hakuna mke anayejua mume wake yuko wapi kama anavyojua yeye.

Na hapo ndipo penye shida yote ya mkahawa ule, ingawa hakuna aliyeitaja. Chumba kilikuwa kirefu, chembamba, chenye mlango mmoja. Mtu akiingia na njaa yake, hakuweza kwenda dirishani moja kwa moja kuchukua chakula. Kwanza apenye katikati ya meza akiwagonga viwiko wanaokula, afike nyuma kwa Karani, alipe, aandikiwe tiketi. Kisha ageuke, aikate foleni ya wenzake wanaokuja kulipa, aende dirishani. Akishapewa sahani, azikate foleni zote mbili arudi mlangoni, kwa sababu kabati la vijiko lilibaki mlangoni. Bomba la kunawia lilikuwa ubavuni mwa meza ya Karani, basi tiketi zililowa, wino ukatambaa, na dirishani ikawa mabishano kama pameandikwa nyama au maharage. Nyama nayo ikiisha, mteja aliambiwa akiwa amekwisha fika mbele kabisa. Hapo hurudi nyuma kubadilishiwa tiketi, akaanza safari upya.

"Mama Mwiko," fundi cherehani wa duka la jirani alimwambia siku moja, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, "foleni hii mimi nimeiingia sina hata mvi moja."

Watu walicheka. Mama Mwiko hakucheka. Zamani meza ya malipo ilikuwa mlangoni, na palikuwa na binti mmoja mrefu wa kupeleka vyakula mezani. Mchana mmoja Mama Mwiko alichungulia akawakuta binti yule na Karani wanacheka kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema wanachekea nini. Wiki ile ile binti alipewa chake akaenda zake, na meza ikahamia nyuma. Sababu iliyotolewa ilikuwa vumbi la barabarani.

"Dakika kumi na moja," alisema yule mwanamke wa kiwandani, akiwa ameketi na sahani yake hatimaye. Alikuwa afisa ustawi. Jiko la kiwandani lilikuwa limefungwa, na uongozi ulikuwa unatafuta mkahawa wa kulisha wafanyakazi sitini kila mchana. "Dakika kumi na moja kwa mtu mmoja, tena saa hizi hamna watu. Watu wangu mapumziko yao ni nusu saa."

Akaonja. Akaonja tena.

"Mama, mchuzi huu umepikaje?"

"Kwa moto," alijibu Mama Mwiko.

Afisa alitabasamu, akalikubali jibu. Akaeleza kwa mkono kilichotakiwa: meza ya tiketi ihamie mlangoni, vijiko vije dirishani, mtu aingie, alipe, achukue, akae. Njia moja, hakuna kukutana. "Alhamisi nitawaleta wote sitini tuwajaribu. Mkiweza, kazi ni yenu mwaka mzima."

Alipokuwa akisema "meza ihamie mlangoni", mkono wake ulipita juu ya kichwa cha Karani. Mama Mwiko aliuona mkono ule. Akaufuata kwa macho mpaka ulipotua.

*

"Umesikia alichosema," Karani alianza jioni hiyo, wakisugua masufuria.

"Nimesikia. Anataka ukae mlangoni."

"Anataka meza ikae mlangoni."

"Meza haikai peke yake."

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, ungo mapajani, anachambua mchele wa kesho. Alikuwa mama mzazi wa Karani, lakini kwa miaka aliyokaa jikoni mle hakuwa upande wa mtu. Alikuwa upande wa mchele.

"Wivu ni kidonda," alisema bila kuinua kichwa, "ukishiriki utakonda."

"Mama, mimi nasema habari ya vumbi."

"Na mimi nasema habari ya kidonda."

Karani aliweka sufuria chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi siku hizi, na alipokuwa na neno alilitoa taratibu. "Mke wangu, sikiliza. Wateja unawaona. Mtu anachungulia, anaona foleni inavyojikunja, anakwenda zake. Mwenye nyumba naye kapandisha kodi. Tukipata kiwanda, tunabaki hapa wote, wewe na mimi na Mama. Tukikosa, mmoja wetu itabidi akatafute kazi nje. Hakuna njia ya tatu."

Mmoja wetu. Mama Mwiko hakuhitaji kupigiwa ramli kujua mmoja huyo ni nani. Mwiko haukuwa na mtu mwingine wa kuushika. Alimwona Karani akitoka asubuhi na shati safi, akienda asikokujua, akikaa na asiowajua, akirudi jioni na harufu ya sabuni ya watu wengine.

"Basi hamisha meza," alisema. "Nani amekukataza?"

*

Jumatano alasiri meza ilihamishwa mlangoni, kabati la vijiko likasogezwa dirishani, na Alhamisi asubuhi hata asiyejua kusoma angeona tofauti. Wateja wa chai waliingia, wakalipa, wakapita dirishani, wakaketi. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

"Leo nimefika dirishani kabla sijasahau nilichotaka!" fundi cherehani alitangaza.

Mama Mwiko alikuwa na habari nyingine. Kutoka motoni, sasa, alimwona mumewe mgongo. Shati lililonyooka, ukosi, na nyuma ya masikio mawili. Uso wake ulikuwa unaelekea barabarani, na barabarani kulikuwa kunapita kila aina ya mtu. Mtu akiinama mezani kulipa, Mama Mwiko aliona paji la uso la huyo mtu na hakuona mumewe anamjibu kwa uso gani. Akikaanga vitunguu, jicho liko mlangoni. Vitunguu vikaungua. Akavimwaga, akakata vingine.

"Utatukaangia vidole vyako," mama mkwe alionya.

Saa nne afisa ustawi alikuja kuleta orodha ya majina sitini. Hakuingia ndani. Kwa nini aingie, meza si iko mlangoni? Alisimama hapo hapo, akaweka kiwiko mezani, akamwonyesha Karani kitu kwenye karatasi. Karani akasema neno. Na mabega yake, yale mabega ambayo Mama Mwiko aliyafulia mashati miaka na miaka, yakaanza kutikisika. Mwanamke yule alijiziba mdomo kwa kiganja, akageukia ukuta, akacheka mpaka karatasi ikamponyoka.

Mama Mwiko alihisi kitu cha moto kikimpanda kutoka magotini. Haikuwa hasira. Hasira angeijua, angemfokea mtu ikaisha. Ulikuwa wivu mtupu, na wivu hauna wa kumfokea. Alingoja afisa aondoke. Akangoja tena, asije mtu akasema ametoka mbio. Saa tano na nusu, nusu saa kabla ya king'ora cha mapumziko cha kiwandani, akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni.

"Irudishe meza," alisema kwa sauti ya chini, huku akiwatabasamia wateja.

"Unasemaje?"

"Upepo. Unapeperusha tiketi."

Karani alitazama kijitabu chake. Hakuna karatasi iliyotingishika. "Hakuna upepo."

"Nasema irudishe. Usipoirudisha, leo sipakui."

Alikuwa hajawahi kutamka neno kama hilo katika ndoa yao yote, na alipolisikia limetoka alilishangaa yeye mwenyewe. Karani alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma tangazo refu.

"Umefikiria vizuri, mke wangu?"

"Nimefikiria."

Akaibeba meza. Fundi cherehani, aliyekuwa anamalizia chai, aliinua miguu ipite, na kwa mara ya kwanza hakupata cha kutania. Mama Mwiko akarudi motoni, akainua macho. Upara. Kifungo cha tatu. Akashusha pumzi.

*

Wakaja sitini, vumbi la sponji limewakaa nywelini, wakicheka na kusukumana kama watu wanaotoka kazini na njaa. Wa kwanza waliona dirisha la chakula, wakalikimbilia.

"Tiketi!" Mama Mwiko alisema.

"Zinatoka wapi?"

"Nyuma. Kwa Karani. Unataja jina, unaandikiwa."

Wakageuka. Waliokuwa nyuma yao walikuwa bado wanakuja mbele. Anayekwenda na anayerudi wakakutana katikati ya meza, mahali ambapo hata mtu mmoja hupita kwa kuvuta tumbo. Wenye sahani walitafuta vijiko, wakaambiwa viko mlangoni, kwani kabati nalo lilikuwa limerudishwa mahali pake katika ile haraka. Mchuzi ulimwagikia ovaroli ya kijana wa watu. Mmoja alinawa mikono, maji yakaruka juu ya orodha ya majina, na majina kumi ya mwisho yakawa wino mtupu.

"Nyama!" alidai jamaa mmoja mnene, akisukuma tiketi dirishani.

"Imekwisha. Nenda kabadilishe uandikiwe maharage."

Jamaa aligeuka akaitazama njia aliyopita. Akaitazama tiketi yake.

"Nirudi kule? Bora niile hii hii tiketi."

Mikono ya Mama Mwiko ilikwenda mbio kweli kweli. Asionewe, kupakua alipakua, na mama mkwe alisaidia kusukuma sahani. Lakini sahani zilijaa dirishani zikimngoja mwenye tiketi, na mwenye tiketi alikuwa amenasa. Na katika yote hayo alimwona mumewe vizuri kabisa, hakuna kilichomziba. Alikuwa anatoka jasho, anaandika, hainui kichwa.

King'ora kililia. Walioketi walimeza tonge la mwisho wakiwa wamesimama. Ishirini na watatu walikuwa bado na tiketi mkononi. Mmoja aliiweka yake mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa, wakatoka.

Afisa ustawi alibaki katikati ya chumba. Hakupandisha sauti.

"Watu ishirini na watatu wanarudi kwenye mashine na njaa," alisema. "Asubuhi meza hii ilikuwa mlangoni. Nimeiona kwa macho yangu. Nani aliirudisha?"

Mwiko ulikuwa mkononi mwa Mama Mwiko, unadondosha mchuzi sakafuni. Alifungua mdomo.

"Mimi," alisema Karani.

"Wewe?"

"Niliona kama kuna upepo."

Afisa alimtazama Karani, akakitazama kiti, akafuata kwa macho mahali kiti kilipoelekea, mpaka akafika dirishani na kumkuta mwanamke mwenzake. Akaelewa. Hakumdharau, na hilo ndilo lililouma. Alimwonea huruma. "Mama," alisema, "chakula chako ni kizuri sana." Akafunga daftari lake, akatoka.

Na hata hapo, Mungu amsamehe, katika aibu yote ile kilichomchoma Mama Mwiko zaidi ni kwamba Karani, alipokuwa akidanganya kwa ajili yake, alikuwa amemtazama yule mwanamke machoni.

*

Wali uliobaki waliula wenyewe. Mama mkwe alikula kidogo akaenda kujilaza.

"Asubuhi mlikuwa mnacheka nini?" Mama Mwiko aliuliza.

"Sasa ndiyo unauliza?"

"Nauliza."

"Kuna mtu kwenye orodha kaandikishwa mara mbili. Nikamwambia labda mmoja ni wa wali, mwingine wa mchuzi."

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo tu."

Alilichambua neno hilo kila upande akitafuta ubaya, kama mama mkwe anavyochambua mchele. Hakupata hata kijiwe kimoja, na angalau kijiwe kingemfariji.

"Mimi nilijua," Karani alisema. "Tangu siku ile ya vumbi. Nikasema ngoja, atachoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Jumatatu Karani alivaa shati safi akaenda kiwandani kuomba radhi, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Alirudi saa saba na uso wa mtu mwenye habari asiyotaka kuibeba mwenyewe.

"Nimepata kazi."

"Ulikwenda kuomba radhi, umerudi na kazi?"

"Stoo. Karani wao amestaafu. Naanza kesho."

"Kwa yule mwanamke."

"Ofisi yake iko juu. Stoo iko chini, kwenye jengo la pili. Kuna wanaume watatu na magodoro."

"Magodoro!" alisema Mama Mwiko, na mama mkwe akageukia ukutani kuficha mdomo wake.

"Basi niende mimi," aliendelea, sasa akisihi. "Niende mimi, wewe ubaki hapa."

"Wewe ndiye unayepika," Karani alimjibu kwa upole. "Mtu akija hapa, haji kwa ajili ya tiketi zangu. Tulishasema, mmoja wetu."

Alisema ukweli.

*

Wiki ya kwanza wateja walilipia dirishani, na Mama Mwiko alikitazama kiti kitupu kwa mazoea tu. Kila mara akiinua macho kutoka kwenye sufuria alikutana na mbao. Wiki ya pili alitoka jikoni asubuhi na mapema, akaikokota meza mwenyewe mpaka mlangoni, akalisukuma na kabati la vijiko mpaka dirishani. Hapakuwa tena na wa kulindwa. Mama mkwe alipewa kijitabu cha tiketi, akakaa mlangoni, na hakuna mteja aliyethubutu kumlalia kikongwe yule kwenye chenji.

Foleni ikanyooka. Watu waliingia, wakalipa, wakachukua, wakaketi. Waliokuwa wamehama walirudi. Hata wafanyakazi wa kiwandani walianza kuja wenyewe, wawili watatu, kwa hela zao, kwa sababu mchuzi ule walikuwa wameuonja. Wakila, nusu saa iliwatosha na kubaki. Kila aliyesifu, Mama Mwiko alisema ahsante. Jioni Karani alirudi amechoka, akaoga, akala, akaulizwa siku ilikuwaje, akasema ilikuwa nzuri. Mama Mwiko alinusa shati. Lilinukia sponji.

Mchana mmoja foleni imefika mpaka barabarani, inasogea vizuri, yule jamaa mnene wa siku ile ya tiketi akafika dirishani akiwa tayari anacheka.

"Mama, eti wewe ndiye mke wa Karani wa stoo?"

"Ndimi."

"Basi kamwambie atatuua yule mzee! Hatufanyi kazi tena, tunacheka tu."

Mwiko ulisimama juu ya sahani.

"Anasema nini?"

"Jana msimamizi kaja mbio, anataka magodoro mawili. Mumeo akamwambia, nenda kule nyuma ukaandikiwe tiketi. Jamaa kaenda! Karudi na karatasi. Mumeo kaisoma, kaigeuza, akamwambia, mawili yamekwisha, rudi ukabadilishiwe upate moja na nusu." Jamaa alishindwa kuendelea. Nyuma yake wenzake wawili walikuwa wameshikana mabega wakicheka, kwa kuwa nao ni wa stoo na walikuwapo.

Damu ilimpanda Mama Mwiko usoni. Alijua mzaha huo umetoka wapi. Lakini si hilo aliloliuliza.

"Na yeye? Alicheka?"

"Nani, Karani? Yule akicheka anashika ukuta. Machozi yanamtoka. Na kale kashimo ka shavuni kanaingia ndani, hata ukiwa na msiba utacheka."

Kashimo ka shavuni. Mama Mwiko alikuwa anakajua. Kalikuwa kwenye shavu la kushoto. Kwa ajili ya kashimo kale alikuwa amewakataa wachumba wawili waliokuwa na mali. Akajaribu kukakumbuka mara ya mwisho alipokaona, akarudi nyuma miezi, akarudi nyuma miaka, siku zote zile za kumtazama kutoka upara hadi kifungo cha tatu, na hakukaona popote. Sasa wanakaona wanaume watatu na magodoro, kila siku, bure.

Aliwaonea wivu ambao hajawahi kumwonea mwanamke yeyote.

"Mama, tunachelewa huku!" mtu alipiga kelele. Foleni ilikuwa imesimama. Sahani zilikuwa zimejipanga mbele yake, mvuke unapotea.

"Kuna nini huko ndani?" mama mkwe aliita kutoka mlangoni.

"Ngojeni," alisema Mama Mwiko. Aliinama mpaka uso wake ukatokeza dirishani, akamshika jamaa mnene mkono asiondoke. "Anza tena mwanzo, mwanangu. Polepole. Alipokuwa anayasema hayo, alikuwa amekaa au amesimama?"